Mtani wa Shujaa: Mapokezi ya Kihakiki ya Kipindi cha Televisheni cha Batman (1966–1968) na Funzo Lake kwa Uhakiki wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mapokezi ya kihakiki ya Batman, kipindi cha televisheni kilichorushwa nchini Marekani kati ya 1966 na 1968 na kuigeuza hadithi ya shujaa mkuu kuwa kichekesho. Yanaonesha kuwa kipindi hicho kilishangiliwa kwanza, kikakataliwa baadaye, na hatimaye kikarudishiwa heshima, ilhali vipindi vyenyewe havikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kipimo cha wahakiki. Kwa kutumia dhana ya utani, makala yanadai kuwa wahakiki waliokikataa waliichukulia parodia kama kejeli, yaani dharau ya mtu wa nje, badala ya kuiona kama mzaha wa mtu aliye na haki ya kuufanya. Hoja hiyo inapimwa kwa usimulizi wa video wa Afrika Mashariki, na kwa mazingira ya lugha ya mji wa Babati, Manyara. Makala yanahitimisha kuwa uhakiki wa Kiswahili unacho tayari kipimo kinachofaa. Kinachokosekana ni uhifadhi wa matini zinazostahili kupimwa.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umemshughulikia shujaa kwa muda mrefu na kwa kina. Fumo Liyongo peke yake ametosha kuzua mjadala unaoendelea: Mulokozi amemchambua ndani ya utanzu wa utendi, na Mbele (1986) akauliza swali gumu zaidi, kwamba shujaa huyo ni nani hasa na ni wa nani. Shujaa anayechekwa hajapata uangalizi wa namna hiyo. Mhusika anayevaa joho la ushujaa ili watazamaji wacheke huonekana kuwa jambo la kupitisha muda, na kipindi chake cha televisheni huhesabiwa kuwa burudani isiyodai uchambuzi.

Makala haya yanaichunguza dhana hiyo kupitia mkasa mmoja ambao historia yake inajulikana vizuri. Batman kilipendwa na mamilioni, kikadharauliwa kwa takribani miaka ishirini, kisha kikaingia katika vitabu vya kitaaluma. Mabadiliko hayo yanaonesha kwa uwazi jinsi kipimo kisichofaa kinavyoweza kuificha kazi ya sanaa machoni pa watu waliobobea katika kuitazama.

Mji wa Babati umechaguliwa kuwa mahali pa kupimia hoja hiyo kwa upande wa Kiswahili. Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na umo katika barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma. Katika eneo hilo lugha za familia tofauti kabisa zinaishi jirani: Kigorowa na Kiiraqw ni za Kikushi, Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu, na Kidatoga ni ya Kiniloti. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wasemaji wake, lakini kwa wengi wao si lugha ya kwanza. Mahali pa namna hiyo, swali la nani anacheka, kwa lugha ipi na kwa ujuzi gani, haliwezi kukwepwa.

2.0 Shujaa, Parodia na Utani

Shujaa mkuu ni mhusika mwenye uwezo unaompita binadamu wa kawaida, ambaye huutumia kuilinda jamii yake. Ingawa vazi lake la sasa limetoka katika hadithi za picha za Marekani za miaka ya 1930, mifupa yake si migeni kwa msomaji wa Kiswahili. Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa, ana nguvu za kutisha, lakini mwili wake una mahali pamoja panapoweza kumwua: kitovu, kikichomwa kwa sindano ya shaba. Superman naye hashindwi na risasi, lakini hudhoofishwa na jiwe moja la kijani. Aidha, Liyongo hutoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku kelele za ngoma ya gungu zikiufunika mlio wa minyororo inayokatwa. Nguvu bila hila hazikumtosha. Mahali hapo palipo na hila ndipo kicheko kinapopata mlango wa kuingilia.

Parodia ni mwigo wa kazi au utanzu unaofahamika, unaotia tofauti ya makusudi ndani ya mfanano. Hutcheon (1985) ametahadharisha kuwa tofauti hiyo si lazima iwe ya kubeza, kwa kuwa parodia inaweza pia kuwa namna ya kukiheshimu kinachoigwa. Tahadhari hiyo, iliyochukua muda kukubalika katika nadharia ya Magharibi, inaelezeka kwa urahisi zaidi kwa dhana ya utani.

Moreau aliuandikia utani wa Tanganyika mapema miaka ya 1940, na katika miaka ya 1970 Lucas akasimamia ukusanyaji mpana wa maelezo ya mahusiano hayo Tanzania. Sifa tatu za utani zinahusika hapa. Kwanza, maneno ya mtani hayapimwi kwa ukali wake bali kwa uhusiano wa wasemaji. Neno lilelile likitoka kwa mtu baki ni tusi. Pili, mtani hukigusa kile hasa kinachoheshimiwa. Ndiyo maana huonekana hata msibani, ambako huwatania wafiwa na wakati huohuo hushika kazi za mazishi. Tatu, utani hudai ujuzi: asiyejua kuwa wawili hao ni watani atadhani wanagombana. Kejeli haina masharti hayo, kwani mwenye kukejeli anaweza kuwa mgeni kabisa kwa anachokicheka. Hoja ya makala haya ni kwamba parodia ya shujaa mkuu ni utani, na kwamba mhakiki anayeipima kama kejeli ataikosea, ama kwa kuishangilia ama kwa kuilaani.

3.0 Mapokezi ya Batman

3.1 Kushangiliwa: 1966–1968

Batman alianza kuchapishwa mwaka 1939 kama mlipiza kisasi wa usiku. Kipindi cha televisheni kilichoanza kurushwa na ABC tarehe 12 Januari 1966 kilimleta akiwa tofauti kabisa. Mtayarishaji wake alikuwa William Dozier, mwandishi mkuu wa awali Lorenzo Semple Mdogo, na Adam West na Burt Ward waliigiza Batman na Robin. Katika mapigano, maneno ya mlio yalijaza skrini kwa herufi kubwa za rangi. Kamera iliinamishwa upande kila ilipoingia katika maficho ya wahalifu, na mitambo ya pangoni mwa Batman ilibandikwa vibao vya kueleza kazi yake, hata ile ambayo mtoto mdogo angeitambua. Shujaa mwenyewe, katikati ya hatari, alipata nafasi ya kumkumbusha kijana wake usalama barabarani na masomo ya shule.

Filamu ya mwaka huohuo wa 1966 ilikaza uzi zaidi. Batman, akining'inia kwenye ngazi ya helikopta huku papa amemng'ang'ania mguuni, anaomba apewe dawa ya kufukuzia papa. Na dawa hiyo ipo, imepangwa tayari pamoja na nyingine za wanyama wa baharini. Katika tukio jingine anakimbia huku na huko gatini akiwa na bomu mkononi, na kila anapotaka kulitupa hutokea watawa, mama mwenye mtoto, au bata majini. Kichekesho hapa hakitokani na woga wala ujinga wa shujaa. Kinatokana na wema wake, ambao umefuatwa hadi mwisho bila kupunguzwa. West aliigiza yote hayo kwa uso mkavu, na kipindi hakikuwekewa sauti za vicheko ambazo vichekesho vingi vya televisheni ya Marekani vilikuwa navyo. Mtazamaji aliachiwa aamue mwenyewe kama kuna la kuchekesha.

Katika msimu wa 1965/66, kipindi cha Alhamisi kilishika nafasi ya 5 kwa wingi wa watazamaji na kile cha Jumatano nafasi ya 10. Kikapendekezwa kuwania tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha vichekesho. Wahakiki waliokifurahia walikuwa na istilahi mkononi. Miaka miwili kabla, Susan Sontag (1964) alikuwa amechapisha insha maarufu kuhusu kempu, yaani ladha ya kukifurahia kilichokithiri na kilicho bandia kwa sababu ya ukithiri na ubandia wake. Wachoraji kama Roy Lichtenstein walikuwa wamekwisha kuzipandisha picha za magazeti ya katuni hadi kwenye kuta za majumba ya sanaa. Batman kikawekwa katika mkondo huo.

Ushangiliaji huo, hata hivyo, ulikuwa na kasoro yake. Sifa zilielekezwa kwa mtazamaji mwerevu anayejua kuwa kitu ni hafifu na bado akakifurahia. Hazikuelekezwa kwa kazi yenyewe. Watoto, ambao walikuwa sehemu kubwa ya watazamaji, waliliona pambano la kweli ambamo wema unashinda, wakati wazazi wao sebuleni humohumo waliona mzaha. Mtoto alikuwa kama mgeni asiyejua kuwa wale wawili ni watani. Uhakiki wa kempu ulimchukulia mtoto huyo kuwa mtu aliyedanganywa, bila kuuliza kipindi kiliwezaje kuwa kweli kwa mmoja na mzaha kwa mwingine pasipo kubadilisha neno lolote.

Mtindo huo wa kufurahia ulichakaa haraka. Tarehe 9 Januari 1967 mitandao mingine miwili, NBC na CBS, ilizindua usiku mmoja vichekesho vyake vya shujaa mkuu, Captain Nice na Mr. Terrific, na vyote viwili vikafutwa mwaka huohuo. Batman chenyewe kilipunguzwa kuwa mara moja kwa wiki, na kikafika mwisho tarehe 14 Machi 1968 baada ya sehemu 120.

3.2 Kukataliwa: 1968–1989

Pigo lililofuata lilitoka kwa wapenzi wa hadithi za picha. Walikuwa na jeraha la zamani: mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alizishutumu hadithi hizo kwa kupotosha watoto, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali za udhibiti. Kwa msomaji aliyetaka utanzu wake uheshimiwe, kipindi kilichowafanya wazazi wacheke kilionekana kuthibitisha kuwa hakuna cha kuheshimu. Waandishi na wachoraji wa miaka ya 1970 wakamrudisha Batman gizani. Mwaka 1986 Frank Miller alimchora akiwa mzee mkali na mwenye uchungu, na filamu ya Tim Burton ya 1989 ikauendeleza weusi huo. Hata hivyo, kwa miaka mingi makala za magazeti kuhusu hadithi za picha ziliendelea kupewa vichwa vyenye milio ya mapigano ya kile kipindi cha zamani, jambo lililowaudhi wapenzi hao kupita kiasi.

Uhakiki wa wakati huu uliigeuza hoja ya kempu juu chini lakini ukaubakiza msingi wake. Kempu ilisema kuwa shujaa ni duni na ndiyo raha yenyewe. Wapenzi walisema kuwa shujaa si duni, hivyo kipindi kimemtukana. Pande zote mbili zilikubaliana kuwa kumcheka shujaa ni kumshusha. Hakuna aliyeufikiria uwezekano wa tatu, kwamba mtu huchekwa na walio wake.

3.3 Kurudishiwa heshima: tangu 1991

Badiliko lilionekana katika mkusanyiko uliohaririwa na Pearson na Uricchio (1991). Ndani yake Medhurst alionesha kuwa juhudi za kumfanya Batman awe wa giza tupu zilikuwa pia juhudi za kufuta sehemu ya historia yake, na kwamba kipindi cha televisheni hakikuwa mwana haramu wa ukoo huo. Spigel na Jenkins walitumia njia nyingine: walisikiliza kumbukumbu za watu waliokitazama utotoni. Kilichojitokeza ni watazamaji waliokua pamoja na matini, walioamini kwanza na kucheka baadaye, pasipo kuacha kuipenda. Brooker (2000) akaiweka historia yote ya mhusika huyo, kali na ya kuchekesha, katika mstari mmoja.

Umma nao ulifika hapohapo. Kipindi kizima kilitolewa rasmi kwa ajili ya kutazamwa nyumbani mwaka 2014. Adam West alipofariki Juni 2017, jiji la Los Angeles lilimulika alama ya popo kwenye ukuta wa ukumbi wake wa jiji. Aliyekuwa ameonekana kumtukana shujaa aliagwa kwa heshima ya shujaa.

Mapokezi haya yanaafiki wazo la Jauss la upeo wa matarajio, lakini yanaongeza jambo. Upeo haukupanuka kwa sababu ya kupita kwa wakati peke yake. Ulipanuka wahakiki walipoanza kuuliza juu ya uhusiano kati ya anayecheka na anayechekwa, swali ambalo utani huliweka mbele tangu mwanzo.

4.0 Sauti ya Msimulizi: Kutoka Gotham hadi Kibanda cha Video

Kuna kipengele cha Batman ambacho uhakiki wa Kiswahili una sababu maalumu ya kukitazama: msimulizi. Dozier mwenyewe ndiye aliyekuwa sauti isiyoonekana, iliyoeleza hatari za shujaa kwa uzito uliozidi kiasi na kumtaka mtazamaji arudi kesho yake kuona mwisho. Picha zingeweza kuaminiwa. Ni sauti iliyozigeuza kuwa mzaha. Parodia, kwa maneno mengine, ilikaa zaidi katika kusimuliwa kwa tukio kuliko katika tukio lenyewe.

Tanzania ilimpokea shujaa mkuu kwa njia inayoikuza hoja hii. Wakati Batman kikirushwa, nchi haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Zanzibar ilianzisha chake katika miaka ya 1970, na Tanzania Bara ikangoja vituo vya binafsi hadi 1994. Shujaa wa kigeni alijulikana kwanza katika majumba ya sinema, kisha katika vibanda vya video. Sinema ilikuwa imekwisha kuacha alama katika lugha: neno chale, kwa maana ya mchekeshaji, linahusishwa na jina la Charlie Chaplin. Katika kibanda cha video akatokea msimulizi wa Kiswahili. Maarufu zaidi miongoni mwao alikuwa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu, ambaye kazi yake imechunguzwa na Krings (2015). Msimulizi wa namna hiyo hatafsiri mazungumzo tu. Hufafanua, hutabiri, huwasema wahusika, huwapa majina ya mtaani, na humkumbusha mtazamaji methali inayolingana na kosa la adui. Kwanza alifanya hivyo papo hapo mbele ya hadhira. Baadaye sauti yake ikarekodiwa kwenye kanda na diski, zikauzwa.

Matokeo yake ni parodia iliyozaliwa upande wa mapokezi. Filamu iliyotengenezwa kwa uzito wote hufika kwa hadhira ikiwa na mtani kando yake. Shujaa anaendelea kuokoa jiji, na hakuna kilichofutwa katika ushujaa wake. Lakini msimulizi ana ruhusa ya kumwuliza, mbele ya watu, kwa nini amevaa nguo ya ndani juu ya suruali. Hadhira humcheka na hapohapo humtakia ushindi. Uhusiano huo hauwi kejeli, kwa sababu msimulizi ndiye pia mwenyeji wa shujaa: bila yeye, mgeni huyo asingeeleweka.

Uganda imeipeleka hali hii hatua moja mbele. Katika Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana, iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, sauti ya VJ Emmie imefanywa kuwa sehemu ya filamu yenyewe. Watazamaji wengi wa ng'ambo walioipata kwenye intaneti waliicheka kwanza kwa uduni wa vifaa vyake, wakiipokea kama kazi mbovu yenye kufurahisha. Mwaka 2022 studio hiyo ilikuwa miongoni mwa washiriki wa maonesho ya documenta huko Kassel, Ujerumani. Kosa lilikuwa lilelile lililofanywa juu ya Batman: wa nje walidhani wamekivumbua kichekesho ambacho watengenezaji walikuwa wamekipanga, na ambacho VJ alikuwa akikitangaza kwa sauti kubwa tangu dakika ya kwanza.

5.0 Babati na Masharti ya Kicheko

Hoja ya utani ina sharti lake: utani hudai ujuzi wa pamoja. Hapa ndipo mazingira ya Babati yanapoibana nadharia. Ili parodia ya Kiswahili ya shujaa mkuu ikamilike mahali hapo, ngazi tatu za ujuzi zinahusika. Ya kwanza ni ujuzi wa utanzu unaoigwa, kwamba shujaa huwa na siri, vazi, adui na udhaifu mmoja. Ya pili ni ujuzi wa Kiswahili cha msimulizi, ambacho mara nyingi ni cha mitaa ya Dar es Salaam chenye misimu inayobadilika upesi. Ya tatu ni ujuzi wa masimulizi ya nyumbani, ambayo kwa Mgorowa, Mrangi au Mdatoga hayako katika Kiswahili.

Uhakiki uliozoea kuichukulia hadhira ya Kiswahili kama kitu kimoja utaona ngazi mbili za kwanza na kuisahau ya tatu. Hata hivyo, ni ya tatu inayoamua kama kicheko kitakuwa cha mtani au cha mgeni. Mtazamaji aliyelelewa na masimulizi ambamo mnyonge mwenye hila humshinda mwenye nguvu hahitaji kufundishwa kuwa ushujaa unaweza kuchekwa. Kinyume chake, anayekutana na shujaa huyo kwa mara ya kwanza kupitia mzaha yumo katika nafasi ya mtoto wa 1966, na nafasi hiyo si upungufu. Ni namna halali ya kupokea, ambayo mhakiki anapaswa kuieleza badala ya kuisahihisha.

Kipimo hichohicho kinafaa kwa vichekesho vya televisheni vya Kiswahili visivyo na shujaa mwenye joho. Kundi la Ze Comedy, lililovuma kupitia EATV na baadaye likaonekana TBC kwa jina la Orijino Komedi, liliwaigiza wanasiasa na wanamuziki, yaani mashujaa wa siku hizi wa jukwaani. Kuuliza tu kama maigizo hayo yalikuwa na adabu au yalikuwa na ujumbe ni kurudia swali la 1966. Swali lenye manufaa zaidi ni lile linalohusu haki ya kutania: mchekeshaji alijiweka katika uhusiano gani na aliyemwigiza, na mtazamaji aliyekuwa mbali na jiji, mwenye Kiswahili cha pili, alialikwa katika uhusiano huo au aliachwa nje awe ndiye anayechekwa kwa lafudhi yake?

Swali hilo haliwezi kujibiwa bila matini. Medhurst, Spigel na Jenkins waliweza kukisikiliza upya kipindi kilichodharauliwa kwa kuwa sehemu zake zote zilikuwapo na zilikuwa zikirudiwa hewani. Kazi za wasimulizi wa video zilisambazwa kwenye kanda zinazochakaa na diski zinazokwaruzika, na nyingi zilinakiliwa nje ya mikataba ya hakimiliki, hali isiyompa mmiliki wa filamu sababu ya kuzihifadhi. Linganisho lipo jirani. Masimulizi ya Kigorowa ya eneo la Babati yamerekodiwa na Andrew Harvey akishirikiana na wasemaji wenyewe, yakawekwa katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini. Lugha ndogo isiyo na televisheni imepata kumbukumbu ambayo mwanafunzi wa miaka ijayo ataweza kuirejea, wakati usimulizi wa video katika Kiswahili, lugha ya mamilioni, unategemea kabati la mfanyabiashara.

6.0 Hitimisho

Historia ya mapokezi ya Batman imeonesha kuwa walioshangilia na waliolaani walitumia kipimo kimoja: kwamba kicheko humshusha shujaa. Kipimo hicho kiliporomoka pale uhakiki ulipoutazama uhusiano wa anayecheka na anayechekwa. Dhana ya utani inauita uhusiano huo kwa jina lake, na inaeleza pia yale ambayo kempu haikuyaeleza: nafasi ya mtoto aliyeamini, kazi ya sauti ya msimulizi, na heshima inayobaki ndani ya mzaha.

Kutoka hapo, kazi mbili zinawasubiri watafiti wa Kiswahili. Ya kwanza ni kukusanya na kunukuu usimulizi wa video na vichekesho vya televisheni, pamoja na kumbukumbu za waliovitazama katika miji kama Babati, wakati wasimulizi na hadhira yao bado wapo. Ya pili ni kuvichambua vikiwa fasihi inayomtania shujaa, kwa uzito uleule uliotolewa kwa tendi zinazomsifu. Sindano ya Liyongo na dawa ya papa ya Batman zinaweza kusomwa katika darasa moja. Zote mbili zinamhusu shujaa ambaye jamii yake inamjua vya kutosha kuweza kumgusa mahali panapouma.